Kiti cha Priska

Jumanne, tarehe 8 Septemba 1998, ndiyo siku waliyoniulia mke wangu. Nilikuwa posta ya Newala, simu sikioni. Shemeji yangu Priska alikuwa Dar.

— Shemeji, ndege imeondoka na dada.

— Sasa wewe unaongeaje na mimi?

— Wameniacha! Kiti changu kakikalia mama mmoja mzima wa afya, na masanduku yake mawili matupu. Karani kasema nitafuata.

— Lini?

— Hakusema.

Bibiana wangu, uboho wa mifupa yake uliacha kutengeneza damu. Madaktari wakasema India wanaweza kumpandikiza uboho wa ndugu, na wa mdogo wake Priska ulipatana naye. Serikali ikakubali kuwasafirisha wote wawili.

Lakini kwetu watoto ni wa mjomba. Kabla ya safari, mjomba wao Stefano akaja kutoka Kitangari amevimba kwa hasira.

— Mkwe, ulioa mke, hukuoa ukoo. Mfupa wa mtoto wangu unatobolewa, nani kaniuliza?

Nikapiga magoti.

— Nakuuliza leo, mjomba.

Akamtazama Bibiana, midomo imempauka.

— Haya, waende.

Bibiana akacheka.

— Nikiwekewa uboho wa Priska si nitakuwa mchoyo kama yeye?

— Na utaacha kukoroma, dada.

— Baba Ida, nikirudi na damu mpya utanioa tena?

— Hata kesho yake.

Baada ya ndege ile wiki zikapita, Priska yuko kwenye benchi la ofisi ya serikali ya safari za wagonjwa, "njoo kesho, njoo kesho". Bibiana akapiga simu posta kutoka India, nikaitwa mbio.

— Baba Ida, kila asubuhi madaktari wananiuliza ndugu yangu yuko wapi. Niwajibu nini?

— Waambie yuko njiani.

— Yuko njiani kweli?

Kilio kikanitoka.

— Usilie hapo posta, mume wangu. Watu wanakutazama.

Hakupiga tena. Alirudi ndani ya jeneza, tukamzika.

Nikaenda Dar, nikamkuta bwana mkubwa wa ofisi ile chini ya feni.

— Pole, mzee. Kazi ya Mungu.

— Mungu hakatishi tiketi. Nataka jina la yule mama.

— Una mtoto? Kalee mtoto.

Bwana yule kahamishwa, kaja mwingine, naye kahamishwa. Kila mpya namfuata, namwamkia vizuri, kisha namwuliza: nani alilikata jina la Priska kwenye orodha ya safari?