Panzi, Chura na Njia ya Udongo

Haya, sogeeni. Karibu zaidi. Na wewe wa nyuma, toa kidole puani, tunaanza!

Kule Siha, chini ya Mlima Kilimanjaro, Aika aliamka kabla ya jogoo. Akavaa kofia ngumu. Akavaa buti. Nguo za kulalia akasahau kuvua!

Aika alikuwa na pikipiki ndogo ya magurudumu manne. Watu huiita kwadi. Yake ilikuwa ya kijani, fupi, pana, imechuchumaa. Aika aliipa jina: Chura.

"Bruu-bruu!" alisema Chura. "Bruu-bruu!"

Kesho ni mashindano ya watoto. Watakuja wenye pikipiki. Watakuja wenye kwadi. Na Aika atashindana kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Lakini njia ya kukimbilia iko wapi? Haipo! Pale palikuwa na uwanja mtupu, na mbuzi mmoja anatafuna.

Mara greda likaja. GRRRRR! Mbuzi akakimbia. Gurudumu moja tu la greda lilimzidi Aika urefu. Na kule juu, kwenye usukani, ameketi nani? Mama yake Aika!

Aika akaachama. "Looooo!"

"Funga mdomo, mwanangu!" mama akapaza sauti. "Vumbi litaingia!"

Mjomba Eliamani naye akafika. Yeye ndiye mchora njia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, dereva wangu! Leo tunafanya kazi au tunalala? Mbona umevaa nguo za kitandani?"

Mjomba alikuwa na pikipiki nyembamba, yenye miguu mirefu. Jina lake Panzi.

"Zing'i-zing'i!" alisema Panzi. "Zing'i-zing'i!"

Mjomba akafunga gunia la chokaa nyuma ya Panzi. Akalitoboa tundu. Akaondoka, zing'i-zing'i, na chokaa ikamwagika nyuma yake. Mstari mmoja mweupe ukakata uwanja. Ukapinda huku. Ukapinda kule.

"Dada, fuata mstari!"

Greda likafuata. GRRRRR! Udongo mwingine ukalala chini. Udongo mwingine ukasimama, ukawa kuta huku na huku. Udongo mwingine ukapanda, ukapanda, ukawa kilima chenye ncha kama paa la nyumba.

Aika akaachama. "Looooo!"

"Funga mdomo, mwanangu! Vumbi litaingia!"

Kisha likaja boza la maji. SHHHHHH! Vumbi likatulia. Udongo ukanukia kama mvua ya kwanza. Na hewani ukatokea upinde wa mvua, na mvua yenyewe haipo!

Aika akaachama. "Looooo!"

"Funga mdomo, mwanangu! Safari hii yataingia maji!"

Mjomba akapanda Panzi kujaribu njia. Zing'i-zing'i! Akapita kona. Akapanda kilima. Akaruka! Panzi juu, kivuli chake chini, kila mmoja anakwenda peke yake. Tup! Wakakutana upande wa pili.

Aika akaachama. Sasa hata "Looooo" haikutoka.

"Zamu yangu!" akasema alipopata sauti.

Bruu-bruu! Chura akaingia njiani. Bruu-bruu! Akafika kwenye kona.

KWAPU!

Gurudumu la kushoto likagonga ukuta wa kushoto. Gurudumu la kulia likagonga ukuta wa kulia. Chura akabanwa pale katikati, kama mguu mkubwa kwenye kiatu kidogo.

Mama akavuta. Mjomba akavuta. Chura akatoka, poo!

Mjomba akaitazama kona. Akamtazama Chura. Akatazama jua.

"Kona ni nyembamba, Aika. Na jua linashuka. Kesho wakimbie wenye pikipiki. Wenye kwadi watakimbia mwaka ujao."

Mwaka ujao! Mwaka ujao ni mbali. Mwaka ujao hata buti hizi hazitaingia. Machozi yakafika kwenye kope, yakasimama hapo yakichungulia.

Aika akainama. Akautazama mstari wa chokaa. Ulikuwa mmoja. Mwembamba kama mkia wa panya.

"Mjomba, gunia ulimfungia nani?"

"Panzi."

"Panzi ana magurudumu mangapi?"

"Mawili. Moja mbele, moja nyuma. Swali gani hilo?"

"Na Chura?"

Mjomba akahesabu magurudumu ya Chura. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, paa! Mkono ulikuwa na chokaa. Sasa mjomba ana kiganja cheupe usoni!

Mama alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Kwa hiyo," mama akasema, "mwenye miguu miwili amewapimia kiatu wenye miguu minne!"

"Tufunge magunia mawili!" akasema Aika. "Moja huku, moja huku, nyuma ya Chura!"

Wakafunga. Wakatoboa. Aika akaendesha polepole, bruu… bruu… bruu… Njia nzima akaizunguka. Nyuma yake mistari miwili ikatambaa, ubavu kwa ubavu.

"Nami nitaongeza nafasi pembeni," akasema mama. "Watoto wapishane bila kukanyagana."

GRRRRR! Greda likasukuma ukuta huku. GRRRRR! Likasukuma ukuta kule. Kona ikapanuka kama mdomo wa mtu anayepiga miayo.

Kikabaki kilima.

"Ncha hii itamkwamisha Chura tumbo," akasema mama.

"Ukiikata, Panzi ataruka nini?" akauliza mjomba.

Mama akashusha bamba la greda taratibu. Akapitisha juu ya kilima, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Ncha ikaondoka. Kilima kikawa meza kubwa ya udongo, na mteremko kila upande.

"Panzi aruke juu ya meza," akasema mama. "Chura apite juu ya meza. Haya, nani ana njaa?"

SHHHHHH! Boza likamwagia maji ya mwisho.

Panzi akaanza. Zing'i-zing'i! Kona, akapita. Meza, akairuka yote! Tup!

Sasa Chura.

Mama akafumbata mikono. Mjomba akashika kichwa. Bruu-bruu! Chura akaingia kwenye kona. Ukuta wa kushoto haukumgusa. Ukuta wa kulia haukumgusa. Akapita!

Bruu-bruu! Akapanda meza. Juu kabisa, Aika akasimama.

Mawingu yalikuwa yameondoka. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kilikuwa mbele yake, juu kuna theluji, na theluji ni ya waridi kwa jua la jioni. Mlima mzima! Karibu kabisa! Chini yake ilikuwa njia, imepinda na kupinda, nyeusi, imelowa, inang'aa.

Aika hakusema "Looooo." Aliachama tu, kimya.

Na mama, kule chini, hakumwambia afunge mdomo.

"Unaona nini huko?" akauliza mjomba.

"Vyote," akasema Aika.

Kisha akashuka, bruu-bruu, mpaka mwisho wa njia.

"Kesho wote wanakimbia!" akapiga kelele mjomba. "Pikipiki na kwadi!"

Usiku Aika alioga. Maji ya kwanza yalikuwa kahawia. Maji ya pili pia. Mama akamfunika shuka.

"Mama, njia imelala?"

"Imelala."

"Na kona?"

"Imelala. Imejikunja."

"Na Chura?"

"Amelala kitambo."

"Na mimi?"

Kabla mama hajajibu, Aika akajijibu mwenyewe.

"Khoooo… khoooo…"