Salamu Tatu za Ndayiragije

Hapa Luberizi hakukuwa na mwanaume mwenye heshima kama jirani yangu Ndayiragije. Kila asubuhi akienda kwenye shamba lake la mpunga, alisimama mara tatu kusalimia watu. Kwanza kwenye mashine ya kusaga. Kisha kwa katekista. Mwisho kwenye lango langu.

Mimi ni mjane. Nina miaka sabini na moja, na meno yaliyobaki ni ya kuchekea tu. Mwanaume akisimama kwangu kila siku kuuliza habari za kuku, nifikiri nini? Nilianza kufunga kitambaa kizuri asubuhi.

"Mama Olive, kuku ziliamka?"

"Ziliamka, Baba Franck. Na mwenye kuku pia iko macho."

Alicheka, akapokea kikombe cha maji niliyompa. Lakini jasho lilimtoka, na mkono wake ulikanda shavu la mguu wa kushoto. Baada ya dakika chache aliaga, akaenda. Nikasema moyoni, huyu hakuja kwa ajili ya kitambaa changu.

Kisha siku nyingi hakupita. Alhamisi moja alikuja mke wake, Consolée. Hakusalimia.

"Weye! Maji unapatiaka bwana yangu pale kwa lango, unatiaka nini ndani?"

"Natia maji."

"Usinichezee! Muguu yake iko inakufa. Watu wanasema ni sumu. Shemeji zangu wanakuja kukuuliza."

Kicheko kiliniisha. Kwetu, bibi kizee akiulizwa hivyo, mara nyingi hapewi muda wa kujibu.

"Twende niuone," nikasema. "Kama ni sumu yangu, nitaitambua."

Tulimkuta Ndayiragije amekaa, sigara mdomoni, mguu wa kushoto karibu kabisa na makaa ya mbabula, lile jiko letu la mkaa. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Kidonda kilinuka.

"Baba Franck, unaungua!"

"Sisikii moto. Iko baridi kama samaki. Naipashaka kila siku."

Nikauvuta mguu. Juu ulikuwa baridi. Chini ulikuwa na malengelenge. Alisema kidonda kilikuwa na wiki tatu.

"Na kwangu ulikuwa unasimama kwa nini?"

Alimwangalia mke wake, akainamisha kichwa. "Nikitembea, muguu inauma kama muntu anaikamua. Nikisimama kidogo, inaacha. Nikienda tena, inarudi. Sasa miye, musimamizi wa mufereji, nisimame njiani kama ng'ombe muchovu? Nikaona afazali nisalimie watu."

Nikamgeukia Consolée. "Umesikia? Hata hakunifuata mimi. Leo nimetukanwa mara mbili."

Hakucheka. Ndugu wawili wa Ndayiragije walikuwa wamefika mlangoni, na mmoja alishika fimbo.

"Mpelekeni kwanza kwa muganga Honorine wa kituo cha afya," nikawaambia. "Akisema ni sumu, mtanikuta palepale."

Ndayiragije alipanda pikipiki. Sisi tulienda kwa miguu. Ndugu wale walitembea nyuma yangu, kama nimeiba mbuzi.

Honorine alipima tansio, yaani msukumo wa damu, kwenye mkono, kisha kwenye kifundo cha mguu. Alipima na sukari. Halafu aliweka vidole juu ya mguu wa kulia, akatulia. Akavihamishia kushoto. Akatulia sana.

"Sukari ni sawa. Tansio iko juu. Kulia napata mapigo ya damu. Kushoto, karibu hakuna kitu."

"Ni sumu?" akauliza mwenye fimbo.

"Sumu iko," akasema Honorine. Aliingiza mkono katika mfuko wa shati la mgonjwa, akatoa pakiti ya sigara. "Hii hapa."

Honorine akamuuliza, "Baba, mufereji ukijaa matope, shamba gani inakauka kwanza?"

"Ile ya mwisho," akajibu polepole.

"Muguu ndiyo shamba ya mwisho. Mishipa yako imejaa mafuta, njia ya damu imekuwa nyembamba. Sigara na tansio ndivyo vimeifunga. Ukitembea, muguu inaomba damu nyingi, haiipati, inalia. Kidonda nacho hakiponi bila damu. Na moto, baba! Muguu kama hii haisikii vizuri. Umekuwa unaipika."

"Itakatwa?" Consolée aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ya kwenye lango langu.

"Mukichelewa, ndiyo. Muende hospitali Uvira. Leo, siyo kesho."

Mwenye fimbo aliitupa, akakimbia kutafuta gari.

Kidole kidogo kilibaki Uvira. Mguu ulirudi nyumbani. Daktari alimpa dawa za tansio, za mafuta, na za kuzuia damu isigande. Alimwambia azimeze kila siku, hata siku asiposikia maumivu. Sigara aliiacha, na kwa wiki mbili aligombana hata na mbuzi. Mbabula ilirudi jikoni. Kila jioni Consolée aliangalia miguu yote miwili, nyayo na katikati ya vidole. Shambani hakwenda tena bila viatu.

Kidonda kilipofunga, Honorine alimwambia, "Sasa utembee. Uchungu ukizidi, simama. Ukiisha, endelea. Nusu saa, karibu kila siku. Ndivyo damu inajitafutia njia ndogo za pembeni. Lakini muguu ikipoa gafla, ikibadilika rangi, ao ikiuma hata umekaa, kuja saa ileile."

Akatembea. Mwezi wa tatu wa kutembea hakusimama tena kwenye mashine. Mwezi wa tano katekista alikuja kwangu kulalamika. "Ndayiragije amekuwa na kiburi. Anapita tu!"

Mwezi wa sita nilifunga kitambaa changu kizuri, nikasimama langoni. Alikuja na jembe begani, Consolée nyuma yake. Hakupunguza mwendo.

"Kuku ziliamka?" alipaza sauti, tayari amefika kwenye mfereji.

"Pita, weye mwanaume bila adabu!" nikamjibu. "Pita!"

Consolée alicheka mpaka akashika ubavu. Ni yeye aliyesimama kunisalimia.