Mtoto wa Paa Aliyenukia Marashi

Mtoto wa paa ananuka maziwa, majani yaliyotafunwa na mkojo kidogo, basi. Huyu alinukia marashi, tena yale mazito ya mwanamke anayekwenda kwenye harusi ya mume aliyemwacha. Ukimnyanyua unapiga chafya. Mtu mwenye akili zake angemrudisha alikomtoa, akakimbia bila kugeuka nyuma. Lakini watu wa kituo kile cha kutunzia wanyamapori walikuwa na huruma hadi masikioni, na akili ikakosa pa kukaa.

Aliyemleta ni Mama Chupa. Waliomwita hivyo hawakukosea: hakuna kiumbe kichanga kilichowahi kuikataa chupa mkononi mwake. Kima walinyonya, nguchiro walinyonya, hata mtoto wa fisi mwenye meno kama misumari alinyonya akasinzia. Na kusifiwa alikupenda huyo mama, usipime. Mwambie "mikono yako ina baraka" uone anavyotembea siku nzima kama anakanyaga mayai.

Siku zenyewe zilikuwa za mashaka. Redio ilipiga wimbo mmoja kutwa nzima, bila habari, na hata mtoto alijua maana yake: wakubwa hawajakubaliana nani ni mkubwa. Malori ya askari yalipita yakielekea huku, kesho yake yakarudi kule. Shule zilifungwa. Waajiriwa wa kituo waliaga mmoja mmoja, "narudi Jumatatu", zikapita Jumatatu tatu. Wakabaki watu watatu wa kujitolea. Mama Chupa, aliyekuwa akilala hapo hapo na binti yake wa miaka sita. Daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani. Na mlinzi, ambaye kwa kuwa hakubanduka getini usiku na mchana, waliishia kumwita Geti.

Kituo kilikuwa na kanuni iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, nene, hata asiyependa kusoma aisome. Ukimkuta mtoto wa paa amelala peke yake nyasini, usimguse. Mama yake hajamtupa. Amemficha, amekwenda kula. Kaa mbali, subiri nusu siku. Asipotokea, ndipo umchukue.

Mama Chupa alikuwa nje ya uzio akikata majani, saa sita mchana, aliposikia malori. Papo hapo akamwona paa mdogo amejikunja kwenye nyasi zilizolazwa kama kitanda. Hakusubiri hata dakika tano. Akamtia ndani ya koti, akatimua mbio.

"Ulisubiri lakini?" Daktari aliuliza akivaa glavu.

"Nilisubiri."

"Nusu siku?"

"Daktari, mimi leo ndiyo nimeanza kazi?"

Daktari akaacha. Wakampima uzito, wakamtoboa sikio la kushoto, wakamvika hereni ya plastiki ya njano, namba arobaini na moja. Hereni ilipobana, paa hakulia. Kilicholia kilikuwa nje ya uzio, huko nyasini. Sauti ya mwanamke mzima, mara moja tu, kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Geti!" Daktari akaita dirishani. "Ni wewe?"

"Mimi nikilia hivyo mje mnizike!"

Wakacheka. Endeleeni kucheka, nasema mimi.

Kanuni ya pili ilikuwa ya malezi. Anayemnyonyesha mnyama anavaa koti la kijivu na barakoa, na hasemi neno wala hamtazami machoni, ili mtoto asizoee watu. Maana siku moja ataachiwa porini, na mnyama anayependa watu haishi wiki. Makoti yalikuwa matano, yakining'inia kwenye misumari mitano. Mama Chupa koti alilivaa. Barakoa aliishusha kidevuni. Na mdomo, ndugu yangu, mdomo ulimshinda. "Njoo kwa mama. Nani mzuri kuliko wote? Nani?" Akamwimbia, akamkuna shingo, na yule paa akamtazama machoni kama mtu anayekariri sura.

Siku ya nne zikaanza kwato. Ondoa kichwani habari za usiku wa manane. Wanaosema majini hutoka usiku tu hawajawahi kukutana na la mchana. Saa sita kamili, jua limesimama utosini, kitu kilitembea juu ya bati la chumba cha karantini. Ka, ka, ka. Kinasimama juu ya kizimba cha arobaini na moja. Kinakaa. Kinarudi. Geti alipanda ngazi mara mbili, akakuta bati tupu, la moto wa kuchoma kiganja, na harufu ya marashi.

Siku ya tisa binti alisukuma sahani yake.

"Nimeshiba."

"Umekula wapi, mwanangu?"

"Nimekunywa maziwa."

"Nani kakupa?"

"Yule mwenye koti la kijivu."

"Daktari?"

"Siyo Daktari. Mrefu." Mtoto akafikiri. "Haongei, mama. Ananipa chupa, anaangalia pembeni."

Mama Chupa alikwenda kwenye misumari. Makoti matano, yote yapo. Akarudi, akainama kumfuta mtoto mdomo, na marashi yakampanda puani.

Tangu siku hiyo binti alianza kupungua maneno. Leo hakusalimia, kesho hakuuliza, keshokutwa aliitwa akageuza masikio kabla ya kichwa. Kitanda alikiacha, akawa analala uvunguni amejikunja, magoti kidevuni. Ukimshika anatetemeka, moyo unakwenda mbio kama wa ndege. Asubuhi ya siku ya kumi na tano mama yake alimvuta taratibu ili amsuke nywele, akazisogeza zile za kushoto. Sikio lilikuwa na tundu safi, lililokwishapona. Ndani yake, hereni nyeupe ya mfupa. Imechongwa mstari mmoja. Namba moja.

Alikwenda kwa Daktari akitembea kwa magoti, sisemi uongo.

"Sikusubiri," alinong'ona. "Daktari, sikusubiri. Nilisikia malori."

Daktari alimtazama. Sauti ya mnadani ilikuwa imemkauka. "Dakika ngapi?"

"Hata tano hazikufika."

"Na yule paa, unaongea naye?"

Mama Chupa akatazama upande wa kizimba.

"Nakuuliza, dada. Unaongea naye?"

"Namwimbia."

Daktari akakaa chini. "Watu wakituletea mtoto wa paa aliyekuwa na mama yake, tunawaambia nini? Rudisha pale pale. Upesi. Mama yake akiwa bado anaita, atampokea." Akanyoosha kidole juu. "Huyu bado anaita. Kila siku anaita, juu ya bati letu. Chukua paa. Leo saa sita."

"Mwanangu naye?"

Ndipo walipogundua kwamba uvunguni hapakuwa na mtu. Geti aliapa kwamba geti halikufunguliwa, na kweli halikufunguliwa. Ila chini, kuanzia mlangoni hadi kwenye uzio, kulikuwa na alama za nyayo ndogo za mtoto, na pembeni yake, hatua kwa hatua, bila haraka, alama za kwato mbili tu, si nne.

Saa sita ilipofika Mama Chupa alikuwa amesimama mahali pale pale, paa kifuani, Daktari nyuma yake na boksi la dawa ambalo mwenyewe hakujua kwa nini amelibeba, na hapakuwa na upepo, hapakuwa na mdudu, hata yale malori yaliyozoea kunguruma kama matumbo ya nchi yalikuwa yamenyamaza, na marashi yakawa mazito hadi ukivuta pumzi unayaonja ulimini, kisha nyasi zikagawanyika zenyewe, polepole, kama nywele zinazochanwa, na katika ile njia akatokea mrefu, mwenye koti la kijivu lililofika chini, barakoa usoni, juu ya barakoa macho makubwa yasiyo na weupe, na chini ya pindo la koti kwato mbili nyeusi zilizosuguliwa zikang'aa, na pembeni yake, bila kushikwa, bila kufungwa, bila hata kulazimishwa, alisimama yule binti.

Mama Chupa akamweka paa chini. "Huyo hapo. Nisamehe. Chukua wako."

Jini likaita. Sauti haikutoka mdomoni, ilitoka ardhini, na ilikuwa nzuri, mbaya sana kwa uzuri wake. Paa akainua masikio. Akapiga hatua moja. Kisha akageuka, akamrudia Mama Chupa, akaingiza kichwa kwenye gauni lake, akaanza kumnyonya kidole.

Likaita mara ya pili. Paa akajificha nyuma ya miguu ya Mama Chupa.

"Nenda," Mama Chupa akamsukuma, analia. "Nenda kwa mama yako, nakuomba, nenda!"

Mara ya tatu haukuwa tena wito. Ulikuwa ule mlio wa siku ya hereni. Paa hakutoa hata jicho.

Halafu jini likasema, kwa sauti ya Mama Chupa mwenyewe, ile ile ya "njoo kwa mama":

"Mwite na wako."

Akamwita. Akamwita kwa jina alilompa siku aliyozaliwa, kwa yale ya utani, kwa yale ya kumbembeleza akiwa na homa. Akapiga magoti, akafungua mikono. Binti alimtazama kama mnyama wa porini anavyotazama watu. Mbavu zikaanza kumpanda na kushuka. Akarudi nyuma, hatua, hatua nyingine.

"Wangu umemharibu," jini likasema. "Wako mimi nimemlea kwa kanuni zako. Sikuongea naye hata neno moja." Likatazama pembeni, kama wanavyofanya wenye kuijua kazi. "Yuko tayari kuachiwa."

Binti akaruka. Mruko mmoja, juu ya nyasi ambazo mtu mzima asingeziruka, na nyasi zikajifunga.

Kilio cha mama mimi sikisimulii. Kilipokwisha, kilichobaki machoni pake hakikuwa machozi. Akageuka kwa Daktari, akalifungua lile boksi kwa mikono yake, akatoa sindano, ile ya mnyama asiyepona, akaijaza bila kumwaga tone. Akamshika paa shingoni. Paa akamlamba kiganja.

"Dada," Daktari akasema. "Dada, taratibu."

"Auone uchungu," Mama Chupa akasema akisaga meno. "Kama unaniona huko uliko, tazama vizuri."

Sindano ikagusa ngozi. Na huko nyasini, mbali, mtoto wa kike akapiga yowe la mtu aliyechomwa shingoni.

Mkono ukasimama.

"Choma," ikasema sauti ya Mama Chupa mwenyewe kutoka kwenye nyasi, karibu, karibu sana, yenye kufurahi. "Utakalomfanyia wangu, nitamfanyia wako. Mnyime chakula. Mpige. Choma. Mimi naangalia tu."

Walikaa pale hadi jua likainama. Kisha Mama Chupa akaimwaga dawa chini. Akamnyanyua paa, akampuliza vumbi usoni, akamfunika ndani ya koti asipate baridi. Akaanza kumwimbia, wimbo ule ule, meno yameumana, na macho ya kumchinja.

Getini alisimama.

"Daktari. Paa anaishi miaka mingapi?"

Daktari alijifanya anatafuta funguo.

"Nimekuuliza."

"Akitunzwa vizuri," Daktari akajibu bila kumtazama, "kumi."