Mama Hajala

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mwaija na mama yake walitoka nyumbani kwao Saadani wakaenda kwenye uwanda wa chumvi ulio nyuma ya mikoko. Mwaija alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Yeye alibeba jembe na pakacha, na mama yake, Somoe, alijitwika chungu. Walikwangua udongo wenye chumvi, wakautia ndani ya chujio kubwa la ukindu na kuumwagia maji. Maji yaliyochuruzika chini yalikuwa na chumvi kali. Hayo ndiyo Somoe aliyoyachemsha kutwa, mpaka yakakauka na kuacha chumvi nyeupe chunguni. Wapagazi waliokuwa wakienda bara waliinunua.

Vyungu na majiko yale yalikuwa mali ya Bi Mardhiya, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito. Kila mwanamke aliyefanya kazi pale alikuwa na jiko lake. Asiye na jiko hakuwa na riziki.

Huo ulikuwa mwaka 1886. Kabla ya hapo pwani ilikuwa imepatwa na njaa. Mvua haikunyesha, mtama ukakauka mashambani, watu wakala mizizi ya porini. Baba yake Mwaija alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo Somoe alihangaika peke yake na watoto wawili, Mwaija na mdogo wake Msabaha. Kidogo kilichopatikana aliwapa wao. "Kuleni," alisema kila siku. "Mimi nitakula baadaye." Hata hivyo, Msabaha alifariki akiwa na miaka minne. Mvua iliporudi, hakuwapo kuiona.

Sasa mtama ulikuwa umevunwa, samaki walipatikana na muhogo ulikuwapo. Lakini Somoe hakula.

Kila jioni alisonga ugali, akampakulia Mwaija, kisha akachukua bakuli lake na kwenda nalo nyuma ya nyumba. Mwaija alimchungulia siku moja. Alimwona akiwamwagia kuku wa jirani chakula chote, akiwa ameufunika mdomo wake kwa mkono kana kwamba harufu yake inamuumiza.

"Mama, kula japo tonge moja," Mwaija alimsihi.

"Haliteremki, mwanangu. Nikilimeza linarudi."

"Basi nimwambie Bi Mardhiya?"

Somoe alimshika mkono kwa nguvu. "Usithubutu! Akijua kwamba mimi mgonjwa, jiko atampa mwingine. Tutaishije? Mtu akikuuliza, mwambie nakula vizuri. Niahidi, Mwaija."

Mwaija aliahidi, ingawa moyo wake ulikuwa mzito.

Siku zilivyopita, Somoe alizidi kudhoofika. Mikono ilimtetemeka alipomimina maji. Alisikia baridi hata akiwa karibu na moto, akawa anajifunga kaniki mbili, moja juu ya nyingine, na hivyo watu hawakuona jinsi alivyokonda. Pia alianza kusahau. Alikaa mbele ya jiko akitazama tu, kuni zikimwakia mbele ya macho, mpaka siku moja chungu kikakauka kabisa na kupasuka. Chumvi ya siku nzima ikaungua.

Mwaija alijaribu kuziba pengo. Aliamka mapema kutafuta kuni, akakwangua udongo wa watu wawili. Viganja vilimpasuka, na chumvi ikamchoma ndani ya vidonda. Bado kazi ilikuwa pungufu.

Adija, binti wa Bi Mardhiya, alimkuta akilia kando ya mikoko.

"Mwaija, mama yako ana nini?" aliuliza. "Wanawake wanasema amekuwa mvivu. Wanasema anasinzia makusudi ili wewe umfanyie kazi."

"Mama yangu si mvivu!"

"Basi anaumwa?"

"Haumwi. Jana alikula ugali na samaki, akashiba mpaka akabakiza."

Uongo ule ulimtoka bila shida, maana alishauzoea. Adija alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwaija alitaka kumwita arudi, lakini alikumbuka ahadi yake, akaokota jembe lake.

Siku iliyofuata Bi Mardhiya alisimama mbele ya jiko la Somoe. "Nimekuvumilia kwa sababu umefiwa," alisema. "Lakini wenzako wananung'unika. Ukiniharibia kazi mara nyingine, jiko hili si lako tena."

"Nimesikia, Bi Mardhiya. Haitatokea tena," Somoe alijibu kwa sauti ndogo.

Mchana huohuo Somoe aliinama kuchochea moto. Aliposimama, macho yalimwia giza. Alishika hewa, akapepesuka, akaanguka na kukipiga chungu kwa mguu. Maji yanayochemka yakammwagikia kuanzia gotini hadi unyayoni. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akazimia.

Wanawake walikuja mbio. Bi Mardhiya alifika akihema kwa hasira. "Si nilisema? Amelala tena!"

"Hakulala!" Mwaija alipaza sauti mpaka koo likamuuma. "Mama hajala! Tangu afe Msabaha mama hali, chakula chake anawapa kuku. Mimi nilikuwa nawadanganya nyote!"

Somoe alifumbua macho. Alimtazama binti yake kwa uchungu. "Umenivunjia nyumba, Mwaija," alisema.

Bi Mardhiya alisogea karibu. Aliinama amnyanyue Somoe, akijikaza kubeba uzito wa mtu mzima, lakini Somoe aliinuka mikononi mwake kwa urahisi kama mtoto. Kaniki ya juu ilianguka, na mbavu zikaonekana. Mmoja wa wanawake waliomwita mvivu aligeuza uso wake.

Walimpeleka nyumbani kwa Bi Mardhiya, wakamwosha na kumtia dawa mguuni. Kisha ukaletwa uji mwepesi wa mtama. Somoe aligeukia ukutani. Walipombembeleza akanywa kidogo, akatapika. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Mwaija alikaa mlangoni akiwa amekata tamaa. Alikuwa amevunja ahadi yake, mama hakusema naye, na bado hakula. Alijiuliza kama kweli yake ilikuwa imesaidia chochote, au ilikuwa imeharakisha tu mwisho.

Siku ya tatu Bi Mardhiya aliingia bila bakuli, akaketi mkekani.

"Somoe, leo sitakulazimisha kula," alisema taratibu. "Niambie habari za Msabaha."

Somoe aligeuka polepole kutoka ukutani. Kisha akasema, "Aliniomba uji. Usiku ule wa mwisho aliniambia, 'Mama, uji.' Sikuwa nao. Sasa uji upo, umejaa kila nyumba. Nitaumeza vipi mimi, na mwanangu aliukosa?"

Mwaija alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo. Aliingia ndani, akajilaza miguuni pa mama yake, wakalia pamoja. Bi Mardhiya naye alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Alisomewa hitima?" aliuliza baadaye.

"Hapana. Wakati ule hapakuwa na mtu mwenye nguvu wala chakula."

"Basi tutamsomea."

Ijumaa ile walikusanyika uani kwa Bi Mardhiya. Walimu wa chuo cha Kurani walisoma hitima, wakamwombea dua Msabaha. Baadaye watoto wa mtaani waliandaliwa wali na uji mtamu wa nazi. Somoe aliletwa akichechemea, akaketi katikati yao. Mvulana mdogo alimaliza bakuli lake, akajilamba vidole, akamsogelea.

"Mama, niongeze uji," alisema.

Somoe alichukua kata, akamjazia bakuli mpaka juu, akamtazama akinywa mpaka mwisho. Bi Mardhiya akamsogezea bakuli jingine, dogo. "Hiki ni chakula cha mwanao," alimnong'oneza. "Leo kila mtu anakula kwa jina lake. Usiwe wewe peke yako uliyekikataa."

Somoe alitia kijiko mdomoni. Machozi yalimtiririka, lakini alimeza. Akatia cha pili. Hakutapika.

Hakupona siku ile. Zilikuwapo siku alizokula vijiko vichache tu, na siku alizogeuza uso kabisa. Lakini tangu hapo hakula peke yake. Kila jioni Bi Mardhiya, Adija au mwanamke mmoja wa uwandani alikuja kuketi naye, wakala sahani moja, bila haraka wala makelele. Mguu ulipopona alianza kwa kuchuja udongo kivulini. Miezi kadhaa baadaye mikono yake iliacha kutetemeka, akarudi mbele ya moto. Jiko lake halikuwa limepewa mtu.

Siku moja Mwaija alimwendea Bi Mardhiya. "Shikamoo, Bi Mardhiya. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuongopea mara nyingi."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Bi Mardhiya aliacha kazi yake, akamtazama. "Uliongopa kwa kumpenda mama yako na kwa kuogopa kukosa riziki. Nami nina kosa langu. Niliona kazi imeharibika, nikatishia, wala sikuuliza mfanyakazi ana nini. Mtu anayeshindwa kula ni mgonjwa, sawa na mwenye homa. Hakosi akili, wala si mvivu. Lakini ugonjwa huo hupenda kufichwa, na ukifichwa hula nguvu za mtu, kisha kazi yake, kisha uhai wake. Ukimwona mtu yuko hivyo, awe mzazi wako au rafiki yako au wewe mwenyewe, mwambie mtu mzima unayemwamini. Mwambie mapema, hata kama umeahidi kunyamaza."

"Mama alisema nimemvunjia nyumba," Mwaija alisema, akiinamisha kichwa.

"Kamuulize leo."

Mwaija alirudi uwandani. Mama yake alikuwa akikung'uta chumvi kutoka chunguni, uso umemng'aa kwa jasho. Mwaija alimuuliza. Somoe aliweka chungu chini, akamvuta kifuani.

"Ungenyamaza siku ile," alisema, "leo ungekuwa huna wa kumuuliza."