Ndoo ya Betri Kuukuu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akanywa maji, akaenda kuketi kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi simu. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa moja: kufunika ncha za betri kuukuu za simu kwa utepe wa gundi, kisha kuzifukia kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Kila Ijumaa mtafiti wa chuo alizichukua, madini yake yakatumike kutengeneza betri mpya.

Ijumaa moja wenzake walikuwa wakiruka kamba barabarani. Miguu ikamwasha Chiriku. Akafunika betri kumi, zilizobaki akazimimina shaghalabaghala kwenye ndoo tupu, bila mchanga, akaweka kifuniko.

"Umefunika zote?" shangazi aliuliza.

"Zote, shangazi! Haikubaki hata moja."

Shangazi akamwamini. Akaiingiza ndoo chumba cha nyuma, alipolala mwanawe wa miezi minne.

Chiriku hajaruka hata mara tano, pu! Lo! Moshi ulikuwa ukifuka dirishani. Shangazi akatoka mbio, mtoto kifuani. Mtoto alikuwa kimya. Kamba ikamponyoka Chiriku. Kisha mtoto akakohoa, akaangua kilio, na Chiriku hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile. Jirani yao seremala alimwaga mchanga ndooni mpaka moto ukazimika.

Mtafiti alipofika, shangazi alikuwa angali amempakata mwanawe.

"Dada, chukua betri zako! Uliniambia tukifuata masharti hakuna hatari. Mwanangu nusura afe! Kazi hii na mimi basi."

Mtafiti akainama kuitazama ndoo. "Fundi, miaka miwili halijatokea jambo kama hili. Labda kosa ni letu..."

Chiriku akasogea katikati yao. Akasema, "Si kosa lake, shangazi. Nilifunika kumi tu. Nilikudanganya."

"Wewe?" Shangazi alimtazama kana kwamba hamjui, akaketi chini kwa kishindo.

"Betri iliyochoka bado ina nguvu ndani," mtafiti alisema taratibu. "Ncha zikigusana, huweza kuwaka."

Shangazi akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, ungesema hujamaliza, ningekukemea, yakaisha. Moto tumeuzima kwa mchanga. Uongo wako ningeuzima kwa kitu gani, nami sikujua kama upo? Kazi ya hatari huifanyi na mtu usiyeweza kuamini neno lake."

Chiriku alilia, akaomba msamaha na nafasi nyingine, na mwishowe shangazi akakubali kuendelea na kazi.

Ijumaa iliyofuata ndoo ilikaa nje, mbali na chumba. Barabarani wenzake walikuwa wakimwita kwa sauti.

"Umefunika zote?" shangazi aliuliza.

"Bado saba, shangazi."

Shangazi akavuta kigoda, akaketi kando yake, akachukua utepe.