Kisindano Kimoja, Mashine Mbili

Wimbi la tatu lilivunja ubao wa ubavuni, na papo hapo mashine ya mashua ikakohoa, ikazima. Mdomo wa mto Danube ulikuwa nyuma yao maili tano, umemezwa na ukungu wa Novemba. Upepo ulikuwa ukiwasukuma baharini.

Mzee Trifon alifungua kabureta, akachungulia, akazilaani ndevu zake mwenyewe.

"Kulikoni, baba?" akauliza Marfa, mke wa mwanawe.

"Kisindano cha kupitishia petroli. Kile kizima nilikitia kwenye jenereta ya kanisa, sikukuu ya mtakatifu isitukute gizani. Hapa nikaweka kikuukuu. Nikasema nitakirudisha Jumatatu."

"Leo Alhamisi, baba."

"Najua leo ni siku gani!"

Ndivyo tulivyo sisi Walipovani, Warusi wa imani ya kale tuliohamia huku deltani. Kijiji kina mashine ishirini na kabureta nzima labda kumi na mbili. Vipuri vinaazimwa nyumba kwa nyumba kama chumvi, na wala hatuoni haya.

Kisindano kingine kizima kilikuwa ndani ya pampu ya kumwagilia nyanya, ambayo sasa ilikuwa ikitapika maji nje ya mashua bila kupumzika. Wakiizima, maji yatajaa. Wakiiacha, watapeperushwa mpaka petroli iishe, halafu maji yajae vilevile.

"Izime," akasema Trifon.

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Marfa ndiye aliyekichomoa kisindano, akakisugua kwenye jiwe la kunolea kisu, akakipachika. Maji yalikuwa magotini. Akavuta kamba mara kumi na moja. Mashine ikanguruma.

"Sikiliza, mwanangu," akasema Trifon. "Hiki si saizi yake. Ukipunguza moto kidogo tu inazima, na haiwaki tena. Usiachie huo mkono wa mafuta, hata nikikutukana."

Akaenda mbele na ndoo. Saa nzima alichota na kumwaga. "Kamwambie mama mkwe wako leo nimeoga!" akapiga kelele. Baadaye mzaha ukamwishia.

Matete ya pwani yalipoanza kuonekana, ndoo ilimponyoka. Akaketi, akalala ubavu. Maji yakafika kwenye ndevu, kisha mdomoni.

"Baba! Inuka, baba!"

Zilikuwa hatua nne tu kumfikia. Nyumbani alikuwapo binti yake Agafia, wa miezi saba. Marfa alilia kwa sauti, akamkufuru Mungu, akamwomba radhi. Hakuachia.

Wavuvi waliwakuta mchangani. Mzee alikuwa ameshakufa.

Kijijini wakasema moyo ulimsimama, hakuteseka. Siku ya arobaini, watu walipoondoka, Paraschiva mjane wake akauliza taratibu:

"Ulimwona akianguka?"

"Nilimwona, mama."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa ananitazama."

Paraschiva akamega mkate, akausogeza mbele ya Marfa.

"Kula," akasema. "Mtoto ananyonya."

Marfa akala, huku analia.