Mguu wa Mama Ulipovimba

Asubuhi ile seremala alikuwa akipiga randa mlango wa mteja. Mkewe alikuwa akifua. Ghafla walisikia kishindo bafuni.

"Baba watoto, njoo! Mama ameanguka!"

Mama yake seremala alikuwa na miaka sabini na minane. Walimkuta sakafuni kwenye maji. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia nje.

"Msininyanyue kama gunia," akasema kwa maumivu.

Hospitalini walikuta nyonga imevunjika. Kesho yake akafanyiwa upasuaji. Siku ya kurudi nyumbani, daktari alimpa seremala boksi la sindano ndogo.

"Moja kila siku, kwenye ngozi ya tumbo, kwa mwezi mzima. Na mama atembee kidogo kidogo kwa fremu yake ya kujishikilia."

"Sawa, daktari," seremala akajibu. Lakini alikuwa anawaza jambo moja tu: mama asianguke tena.

Nyumbani hakumruhusu hata kuketi. "Tulia hapo hapo, Mama. Ukitaka kitu, niite."

Siku ya sita mkewe aliona mabaka meusi tumboni, pale walipochoma sindano. Akaogopa. "Tunamuumiza bure. Si kidonda cha upasuaji kimeshapona?" Wakaacha sindano, wala hawakumuuliza mtu.

Wiki moja baadaye, mguu wa kulia ulivimba kuanzia goti hadi kifundo. Shavu la mguu lilikuwa gumu na la moto. Seremala akamimina mafuta mkononi.

"Nikukande, Mama. Damu itembee."

"Usimguse!"

Alikuwa jirani yao, muuguzi, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Kuna nini, dada?" seremala akauliza.

"Sindano mnamchoma?"

Mume na mke wakatazamana. "Tuliziacha wiki iliyopita," mke akakiri.

"Sikilizeni," muuguzi akasema. "Mzee akivunjika nyonga, kisha akalala bila kusogea, damu hutembea polepole miguuni. Inaweza kuganda ndani ya mshipa. Ukikanda, bonge linaweza kukatika likapanda mpaka kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kufa. Zile sindano ndizo zinazozuia damu isigande."

Kabla hajamaliza, mama alishika kifua.

"Mwanangu, pumzi... pumzi haitoshi."

Midomo yake ilikuwa imepauka. Muuguzi alimwinua mgongo kwa mito, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Seremala alisimama na mafuta yakimchuruzika vidoleni.

Ndani ya gari hakuondoa macho kwenye kifua cha mama. Kikipanda, naye anapumua. Kikichelewa, moyo wake unasimama. "Nimemuua mama yangu kwa kumpenda," akawaza.

Vipimo vilionyesha bonge la damu mguuni. Kipande kilikuwa kimefika kwenye pafu. Mama akawekewa oksijeni na kupewa dawa kali zaidi.

"Mmewahi," daktari akasema. "Lakini bado siwezi kuwaahidi kitu."

Siku mbili seremala hakula kitu. Siku ya tatu mama alifumbua macho, akamtazama.

"Mbona umekonda hivyo? Aliyevunjika ni mimi au ni wewe?"

Seremala akalia hadharani, mbele ya wagonjwa wote.

Safari hii aliuliza kila kitu kabla ya kuondoka. Akaambiwa mabaka madogo ya sindano ni ya kawaida. Lakini mama akitokwa na damu isiyokoma, au choo kikiwa cheusi, wamrudishe mara moja. Na dawa isiachwe mpaka daktari aseme.

Mama alimeza vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu, saa ile ile kila siku. Akiwa kitandani alikunja na kunyoosha vifundo vya miguu. Alikunywa maji ya kutosha. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kusimama na kupiga hatua. Seremala akapigilia vishikio imara bafuni.

Uvimbe ukaisha. Pumzi ikarudi.

Siku moja mama alishika fremu, akainuka peke yake, akaanza kuvuka sebule. Seremala aliruka kutoka kitini.

"Mama, kaa ch..."

Akalimeza neno. Akasogeza kigoda kilichokuwa njiani, akampisha apite.